Leseni ya Luhende na Kifo cha Shangazi Salu

Shangazi Salu alifariki Jumatano saa tatu asubuhi, akiwa nyumbani kwake Kalemela, amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Mwenyewe hakujua. Aliendelea kupukuchua mpaka jua la utosi, akala ugali na dagaa, akajinyoosha kidogo mkekani, akaamka na kuendelea pale alipoachia. Aliyemuua ni Luhende, mtoto wa kaka yake, na alimuua kwa simu, akiwa mbali kabisa, nyuma ya choo cha stendi ya Bariadi.

Msimhukumu haraka. Luhende hakuwa mtu wa kuua watu. Alikuwa dereva wa Fuso ya Mama Nyanjige, mfanyabiashara wa mchele na pamba, na kwa miaka kumi na minne alikuwa amelibeba lile gari kama mtu anavyobeba mayai. Asubuhi hiyo bosi wake alimpigia akiwa na haraka.

"Luhende, Ijumaa unapeleka mchele Migori."

"Mayu, Ijumaa..." alianza Luhende, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ijumaa kuna nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mgongo alishautumia mara mbili. Malaria alishaitumia mara moja, na safari iliyotangulia alisema ana mahafali ya mwanawe, mtoto ambaye hata shule ya awali alikuwa hajaanza. Magonjwa yalimwishia, sherehe zilimwishia. Akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Shangazi amefariki."

Sababu ya mauaji hayo ilikuwa leseni.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, Luhende alivuka mpaka wa Sirari na magunia ya mchele hadi Migori, upande wa Kenya. Mzigo ulishuka mapema, mteja akafurahi, akamkaribisha nyama choma na bia. Luhende alikunywa ya kwanza kwa heshima, ya pili kwa kiu, na ya tatu hadi leo hajui alikunywa kwa sababu gani. Gesti yake ilikuwa karibu kiasi kwamba angetembea kwa miguu angefika kabla karanga alizokuwa anatafuna hazijaisha. Yeye akapanda Fuso. Katikati ya kile kipande kifupi cha barabara walikuwa wamesimama askari na kile kifaa chao cha kupulizia. Akapuliza, na kifaa hakikumwonea haya.

Kesho yake alisimama mahakamani na suruali iliyokunjamana, akakiri kosa. Hakimu alizungumza kwa muda, lakini masikio ya Luhende yalikuwa yanavuma kwa aibu, yakadaka maneno matatu tu: marufuku kuendesha gari. Mengine yote yalipita. Alilipa faini, akakabidhiwa leseni yake pamoja na karatasi tatu za Kiingereza zenye mhuri, na Marcelo, dereva mwenzake waliyeongozana naye safari ile, ndiye aliyeirudisha Fuso mpaka Sirari. Walikubaliana wasimwambie mtu. Zile karatasi Luhende alizificha ndani ya redio mbovu na hakuzitazama tena, maana ukurasa wa kwanza ulikuwa na neno moja refu la Kiingereza, limeandikwa kwa herufi kubwa, na lile neno lilimtosha.

Tangu siku hiyo hakuonja tena bia. Hilo ni kweli na anastahili kusifiwa nalo, kwa sababu mengine yanayofuata hayana sifa.

Mtu angedhani kosa la Migori limebaki Migori. Luhende naye alijipa moyo hivyo kwa miezi kadhaa, mpaka madereva wa kijiweni walipoanza hadithi yao. Walisema siku hizi mifumo inasomana. Ukikosea Kenya, kompyuta ya Kenya inaiambia ya huku, na siku ukienda kuhuisha leseni wanakufungia maisha. Walimtaja dereva mmoja wa Maswa ambaye leseni yake ilipoingizwa kwenye mashine, mashine ilipiga kelele, na sasa yule bwana analima mtama. Luhende aliuliza jina lake. Jina hakuna aliyelijua, ila wote walikumbuka rangi ya shati alilovaa.

Na leseni ya Luhende ilikuwa inaisha muda tarehe thelathini na moja Julai. Zilibaki siku kumi na mbili. Bila leseni hakuna Fuso, na bila Fuso Luhende hakuijua kazi nyingine duniani. Kwa hiyo Kenya aliiogopa kwa sababu alijua akionekana tena barabara za kule atakamatwa, na ofisi ya trafiki ya Bariadi aliiogopa kwa sababu ya ile mashine. Alikuwa amebanwa mbele na nyuma, na asubuhi ile ya Jumatano, katika kubanwa kwake, akamshika shangazi.

Kwenye simu Mama Nyanjige aliacha haraka yake. Kisha sauti yake ikabadilika kabisa.

"Shangazi yupi, mwanangu?"

"Salu. Yule wa Kalemela. Aliyenilea."

"Mungu wangu! Pole sana. Pole, baba. Mambo ya Migori yaache, ataenda Marcelo. Mazishi lini?"

"Kesho," alisema Luhende, na pumzi ikamshuka. Amepona. Alifikiri amepona.

"Basi nakuja," alisema Mama Nyanjige, akakata simu.

Huo ndio ulikuwa ujinga wake. Mtu ukimwambia mgongo unauma, anakupa pole na anaendelea na shughuli zake. Lakini huku kwetu mtu haambiwi msiba akabaki amekaa. Anainuka, anafunga kitenge, anachukua unga au kuni au mchele, anaenda. Na katika watu wote wa Bariadi ambao Luhende angeweza kuwadanganya kwa kifo, alimchagua mwenyekiti wa kamati ya misiba ya kanisani. Mama Nyanjige alikuwa na sufuria mbili ambazo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, sahani za kutosha kijiji, na maturubai yaliyokuwa yanazunguka mji mzima. Hakuwahi kukosa msiba wa mfanyakazi wake hata mmoja.

Luhende alipofika nyumbani kwake Somanda, habari ilishamtangulia na mabenchi ya kanisa yalishapangwa uani. Majirani walikuwa wamekaa. Mkewe, Milembe, alikuwa katikati ya wanawake, analia kwa sauti, analia kweli, maana Shangazi Salu ndiye aliyemfundisha kumnyonyesha mtoto wao wa kwanza na hakumsema hata mara moja kwa kukosea. Luhende alipoona yale machozi alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na mabenchi yale.

Akamshika mkono akampeleka nyuma ya jiko.

"Milembe, nyamaza kwanza. Shangazi hajafa."

"Unasema?"

Akamweleza yote kwa haraka, bia, hakimu, karatasi, leseni, simu. Alieleza akitazama mafiga. Milembe alijifuta uso kwa pindo la khanga, taratibu, kwanza jicho moja, kisha la pili.

"Kwa hiyo shangazi yuko mzima."

"Mzima kabisa."

"Namshukuru Mungu." Akavuta pumzi. "Na wewe mwaka mzima na zaidi umelala na jambo hili, kitanda kimoja na mimi, nikikukanda mgongo kwa mafuta ya moto. Mgongo gani niliokuwa naukanda, Luhende?"

Luhende alisogeza kuni ambayo haikuhitaji kusogezwa.

"Nenda kawaambie wale watu."

"Naenda."

Alienda. Alifika mbele ya nyumba na maneno yakiwa tayari kinywani, akakutana na Mama Nyanjige anashuka kwenye Noah ya kukodi. Nyuma yake Noah nyingine, na ndani yake wanakwaya sita wamevaa majoho. Mama Nyanjige alimkumbatia, mwanamke mnene, mzito, macho yamelowa, akamwambia, "Hata mimi nililelewa na shangazi, baba. Najua." Maneno ya Luhende yalirudi tumboni. Kuna woga wa namna nyingi, lakini huu wa kushindwa kumwambia mtu ukweli kwa sababu anakuonea huruma ndio mbaya kuliko wote.

Saa nane waliondoka. Marcelo ndiye aliyeendesha Noah ya mbele, na yeye aliijua hadithi ya Migori tangu mwanzo, kwa hiyo haikumchukua muda kukisia iliyobaki. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mama Nyanjige alidhani analia, akampiga piga begani akimwambia ajikaze, na Marcelo akatikisika zaidi. Luhende alikaa kiti cha nyuma, amefunika simu kwa mkono, anapiga namba ya shangazi mara ya tano, mara ya sita. Simu ya shangazi ilikuwa imeishiwa chaji, kama ilivyokuwa siku zote. Na hata angeipata, angemwambia nini? Jifiche, tunakuja kukuzika?

Walipita Lamadi. Kila kijiji kilichopita Luhende alijiambia, nikifika kinachofuata naongea. Vijiji viliisha kabla ya woga wake.

Shangazi Salu aliona magari mawili yanakata kona na kuingia uani kwake. Aliona watu wa majoho wanashuka, wamepanga mstari, wanaanza wimbo wa maombolezo kwa sauti nne. Aliona sufuria zinateremshwa. Akamwona Luhende wake, kichwa chini, hatazami mtu. Na Milembe, ambaye alikuwa amekataa kumsemea mumewe, alishuka gari la pili akajificha kwa aibu nyuma ya soprano na shangazi hakumwona.

Mtu mwenye akili timamu akiona hivyo ataelewa nini? Alielewa kwamba Milembe amekufa.

Kikapu cha mahindi kikaruka upande. Bibi wa miaka sabini alikimbia kama msichana, mikono kichwani, akipiga yowe, "Yaya! Yaya, ng'wana wane! Hapana, mwanangu!" Mama Nyanjige alimpokea kifuani. Hakumjua ni nani, lakini aliona mama mzee anayelia, na kwa kazi ile hakuwa na mpinzani. Wakashikana. Wakalia pamoja, huyu akimlilia Salu na Salu akimlilia Milembe, na kwaya ikapandisha ubeti wa pili kwa nguvu zaidi.

"Pole, mayu," alisema Mama Nyanjige baada ya muda, akimpangusa uso. "Pole kwa kufiwa. Wewe ni nani wake marehemu?"

"Mimi ni shangazi wa mumewe."

"Mume wa nani?"

"Mume wa marehemu! Huyu hapa, Luhende!"

Mama Nyanjige alimtazama Luhende, akamtazama bibi. "Mayu, marehemu ni Salu."

Shangazi akakauka machozi palepale. "Salu gani?"

"Salu wa hapa Kalemela, shangazi yake Luhende."

"Salu ni mimi."

Kwaya ilikuwa haijasikia, ikaendelea kuimba mpaka mwisho wa ubeti, kisha sauti moja moja zikaanza kukatika, besi ndiyo ikawa ya mwisho. Kuku alisikika akiparua chini. Marcelo alikuwa ameinama juu ya usukani, na safari hii hakuna aliyedhani analia.

Milembe alitokeza nyuma ya soprano. Shangazi alipomwona akamshika mashavu, akamshika mikono, akampapasa mabega kuhakikisha, akasema, "Upo! Wabeja, Mulungu, asante, upo!" Kisha wanawake wote watatu wakageuka kumtazama Luhende.

Hapo hakukuwa tena na pa kukimbilia, na labda ndicho alichokuwa anahitaji tangu mwanzo. Alipiga magoti kwenye pumba za mahindi akasema yote. Hakuruka kitu. Alisema bia ni tatu, wala si mbili. Alisema gesti ilikuwa karibu. Alisema hakimu amemfungia, na kwamba ofisi ya trafiki itakapojua watamnyang'anya leseni, na kwamba yeye bila gari si mtu. Alisema amemuua shangazi kwa sababu hakuwa na ugonjwa mwingine. Alipofika hapo akalia, mwanamume wa miaka arobaini na moja, mbele ya kwaya.

Shangazi Salu alimwacha alie kidogo. Kisha akaiuliza kwaya, "Mmekuja na nini kwenye hizo sufuria?"

"Mchele, mayu," alisema Mama Nyanjige. "Na maharage. Na mbuzi yuko kwenye buti."

"Basi mpike. Chakula kikishaletwa msibani hakipandishwi tena garini. Na mimi mwenyewe nitaanza kula, nione mlikuwa mmenipangia nini."

Wakapika. Majirani waliokuja mbio kwa kusikia yowe wakakaa na wao wakala. Shangazi alikaa kwenye kiti cha heshima, akauliza nani alikuwa ametajwa kusoma wasifu wake na alipanga kusema nini, na alipojua kwamba wasifu ulikuwa haujaandikwa aliudhika kuliko jambo lingine lolote la siku ile. Luhende alihukumiwa kupukuchua mahindi yote yaliyobaki, peke yake, huku wenzake wakila. Alipukuchua mpaka vidole vikaota malengelenge, na ukimuuliza leo atakuambia hayakuwahi kuuma hata kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu Migori kifua chake kilikuwa chepesi.

Lakini suala la leseni lilikuwa palepale, na Mama Nyanjige hakulisahau. Walipokuwa wanarudi, jua linaelekea kuzama, alisema neno moja tu kuanzia Lamadi hadi Bariadi.

"Kesho saa mbili, na hizo karatasi."

Alhamisi asubuhi Luhende alifungua ile redio mbovu kwa bisibisi, akatoa karatasi zilizokunjwa mara nne. Milembe alimpigia pasi shati. Hakuongea sana, lakini shati alilinyoosha mpaka kola, na Luhende alijua maana yake.

Ofisi ya trafiki ilikuwa imefunguliwa muda si mrefu. Afande aliyekuwa mezani aliitwa Januarius, mtu mwembamba wa miwani, na alikuwa bado anakunywa chai.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Mama Nyanjige.

"Mwangaluka, baba. Nimekuleta mtu. Mwenyewe atasema."

Luhende alisema. Mara ya tatu katika siku mbili, na safari hii ilikuwa fupi. Akaweka leseni mezani, akaweka karatasi juu yake, akarudi nyuma hatua moja, kama vile vitalipuka. Alikuwa anatazama ile kompyuta. Kompyuta ilikuwa imezimwa.

Afande Januarius alisoma ukurasa wa kwanza. Akanywa chai. Akasoma wa pili, kidole kikifuata mstari. Luhende aliwaza, basi, ndiyo mara ya mwisho naitazama ile kadi. Akaiangalia picha yake pale, akiwa kijana wa mashavu, akamhurumia.

"Wewe hizi karatasi ulizisoma?"

"Hapana, afande. Niliona lile neno kubwa."

"Hili hapa? Hili linasema umezuiwa kuendesha. Ungeshuka mistari miwili ungeona umezuiwa wapi." Aligeuza karatasi ili na Mama Nyanjige aone. "Imeandikwa: ndani ya Kenya. Na ungeshuka mwingine mmoja ungeona muda. Miezi kumi na miwili. Ulihukumiwa mwezi wa tatu mwaka jana. Sasa ni mwezi wa ngapi?"

"Wa saba."

"Hesabu mwenyewe."

Luhende alihesabu kwa vidole vyenye malengelenge. Akahesabu tena. Adhabu ilikuwa imekwisha tangu Machi. Ule mgongo wa mara ya pili, malaria, mahafali, msiba, vyote alivisingizia kukimbia kitu ambacho kilishakufa, akamzika aliyekuwa hai.

"Na... na leseni ya huku?" aliuliza Luhende.

"Leseni hii ulipewa na nchi hii. Hakimu wa kule anaweza kukukataza barabara zake, hawezi kuichana kadi ya huku. Ndiyo maana alikurudishia mkononi." Afande aliondoa miwani. "Lakini usichekelee. Kosa ni kosa. Nitatoa nakala ya hizi karatasi, niziweke kwenye faili lako, maana umezileta mwenyewe na hilo nitaliandika pia. Siku nikikukamata hapa Bariadi unanuka pombe, hutasema ni mara ya kwanza, na mahakama ya hapa haitakuona mgeni. Na huyu mama ambaye gari ni lake, na mzigo ni wake, alikuwa na haki ya kujua tangu siku ile uliporudi. Hapo mimi nakulaumu kuliko zile bia."

"Nimekosa, afande."

"Sasa nenda kapime macho, urudi na cheti, tuanze kuhuisha. Zimebaki siku kumi na moja, watu wengi huwa wanakuja zimepita."

"Na yule dereva wa Maswa?" aliuliza Luhende. "Aliyefungiwa maisha?"

"Dereva gani?"

"Yule... wa shati la bluu."

Afande Januarius alivaa tena miwani, akarudi kwenye chai yake.

Kupima macho kulichukua dakika kumi. Luhende alizisoma herufi zote mpaka zile ndogo za chini, kwa sauti kubwa, na muuguzi akamwambia angeweza kupunguza. Akarudi na cheti, akajaza fomu, akapigwa picha mpya. Katika picha hiyo anacheka meno yote nje na wakamwambia haifai, wakampiga nyingine. Saa nne na nusu alitoka nje na stakabadhi mkononi.

Alifika mpaka kwenye ngazi tu. Akakaa chini. Watu walipita wakimruka. Aliishika ile stakabadhi kwa mikono miwili akaisoma yote, kila mstari, mpaka namba za chini kabisa na jina la mpiga chapa. Furaha ilikuwa inampanda taratibu kutoka tumboni, na hakutaka kuiharakisha.

Mama Nyanjige alikaa pembeni yake, kwa shida, akishikilia goti. Bodaboda zilikuwa zinapita kuelekea hospitali.

"Mayu, naomba nikuulize," alisema Luhende mwishowe. "Ningekuambia siku ile ile niliporudi kutoka Migori, ungefanya nini?"

Alitegemea atasema angemsamehe. Watu husema hivyo mambo yakishaisha salama.

"Ningekufukuza," alisema Mama Nyanjige. "Palepale. Nisingekupa hata nauli ya kufika Somanda."

Luhende aliitikia kwa kichwa. Lilikuwa jibu la haki na halikumuuma.

"Na leo, mayu?"

Mama Nyanjige alifungua mkoba wake, akatafuta, akatoa ufunguo wa Fuso, akamwekea juu ya stakabadhi.

"Leo nina madereva watatu. Wawili sijui wananidanganya nini. Wewe nimeshaujua uongo wako wote, na kwaya imeshaujua, na Kalemela nzima. Mchele unaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri."

Luhende aliinuka. Aliomba kwanza aende nyumbani akamwambie Milembe, naye akaruhusiwa. Akashika njia kwa miguu kwenda Somanda, na pale kwenye mzunguko alipita mbele ya trafiki aliyevaa meupe, karibu kabisa, akamsalimia.